Waliosoma "My Sister, the Serial Killer": mlimuogopa nani zaidi, aliyechoma kisu au aliyepiga deki?

MPANGAJI WA KIMARA
Wakuu, salama?

Mimi ni mgonjwa wa riwaya za wauaji wa mfululizo. Zile ambazo maiti ya kwanza inaokotwa ukurasa wa tatu, halafu anakuja mpelelezi ndoa imemshinda na pombe haimwachi, na muuaji anawachezea polisi akili mpaka sura ya mwisho. Nimezisoma hadi zimeanza kufanana. Ndiyo maana nilipoazimwa hii ya Oyinkan Braithwaite, dada wa Kinigeria aliyezaliwa Lagos 1988, niliifungua kishingo upande. Nimeisoma kwenye mwendokasi, nimesimama, begi kifuani, na anayepajua Kimara asubuhi anaelewa kuwa kitabu kinachosomeka pale si cha mchezo.

Tahadhari kwanza: nitagusa ya katikati. Mwisho siusemi, na atakayeumwaga humu namripoti.

Kwa ambaye hajakutana nayo: ilitoka 2018, kwa Kiingereza, kurasa 200 na kitu, sura fupi fupi, nyingine hazijazi hata ukurasa. Korede ni nesi Lagos, dada mkubwa. Mdogo wake Ayoola ni mbunifu wa mavazi, mzuri kiasi kwamba akiingia mahali maongezi yanakatika. Riwaya inaanza na simu. Ayoola anampigia dada yake kumwambia ameua mtu. Mtu mwenyewe ni Femi, mpenzi wake, na ni wa tatu. Korede hapigi kelele, haulizi "umefanya nini?" Anachukua vifaa vya usafi, anakwenda.

Sasa hapo ndipo mwandishi alipoanza kunipata. Angekuwa mwingine, tungeoneshwa kisu kinavyoingia. Huyu anakuonesha bafu. Damu imeshaganda, na Korede anaanza na zile sehemu ambazo mtu wa kawaida huzisahau, pale kwenye mshono kati ya bafu na ukuta. Anasugua kwa jiki kama anavyosugua nesi anayejua mkaguzi atapita. Anatoa na maelezo kabisa, kwamba watu wanamwaga jiki hovyo bila kusoma kilichoandikwa kwenye chupa. Nilicheka, halafu nikajishtukia nacheka nini.

Maiti inafungwa kwenye shuka, inapakiwa buti, inakwenda kutupwa kutoka Third Mainland Bridge. Kwa wasiolijua, hilo daraja linaunganisha bara na kisiwa cha Lagos, lilikamilika 1990, urefu wake ni karibu kilomita 12. Daraja letu la Nyerere pale Kigamboni ni mita 680, na ungefika na maiti yako ungekutana na geti la tozo kwanza. Dada wa Dar angehitaji mpango mwingine.

Hoja yangu ni hii, mnipinge kwa hoja. Kitabu kizima hakuna fumbo la nani kaua. Unamjua muuaji kabla hujamjua jina la mama yake. Kinachokusukuma ufungue ukurasa mwingine ni Korede: atasafisha mara ngapi, na siku akichoka itakuwaje. Mimi Ayoola sikumuogopa sana. Mtu mwenye kisu unaweza kumkimbia. Niliyemuogopa ni yule mwenye ndoo, mpole, mchapakazi, anayepanda cheo hospitalini, ambaye bila yeye Ayoola angekuwa gereza la Kirikiri, hukohuko Lagos, tangu maiti ya kwanza.

Waliosoma karibuni. Ambao hawajasoma nanyi karibuni, mtatusumbua kidogo lakini tutavumiliana.


FUNDI SAA
Mkuu umeandika vizuri ila mada umeikosea jina. Hii si riwaya ya muuaji wa mfululizo, ni tamthilia ya kifamilia yenye maiti. Muuaji wa mfululizo ana mpango, ana alama yake, anachagua watu wa aina fulani, anakaa anasubiri hamu irudi. Ayoola anagombana na mpenzi, anatoa kisu. Hao tunao hata mtaani kwetu, hawaandikiwi riwaya.


MPANGAJI WA KIMARA
Fundi, mpango na alama ni mambo ya sinema. Hata hao FBI, wapelelezi wa Marekani ambao wengi tunawajua kwa sinema, walikaa 2005 na wataalamu wao wakakubaliana kitu chepesi kuliko unavyodhani: watu wawili au zaidi, muuaji yuleyule, matukio tofauti. Basi. Zamani walitaka watatu na muda wa kupoa katikati. Kitabu chenyewe kinakwenda na hesabu ya watatu, na Korede anaifahamu, maana baada ya Femi anakwenda kuangalia mtandaoni mdogo wake amefikia daraja gani. Hiyo sehemu ni ya mistari michache tu lakini ndiyo inayokutoa jasho. Dada anatafuta jina la ugonjwa wa mdogo wake kama mama anayetafuta dalili za surua.

Na alama anayo. Kisu ni kilekile kila mara, cha marehemu baba yao, kitu alichokithamini baba kuliko wanawe. Korede anauliza kwa nini mtu anayekwenda kumtembelea mpenzi abebe kisu kwenye pochi. Ayoola anasema ni cha kujilinda. Kila safari alikuwa anajilinda?


MAMA WAWILI
Hodi humu. Mimi ni mtoto wa kwanza, wa kike, nyuma yangu wamefuata watano, kwa hiyo hiki kitabu nilikisoma kwa hasira tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kaka Mpangaji, umemuonea Korede. Wewe unaona mtu mwenye ndoo. Mimi naona mtu ambaye tangu ana akili ameambiwa "wewe ndiye mkubwa." Mama yao akiona vyombo havijaoshwa anamuuliza nani? Ayoola akikosea anayekaripiwa ni nani? Tumelelewa hivyo sisi. Mdogo akivunja glasi, unaulizwa wewe ulikuwa wapi. Korede aliulizwa alikuwa wapi miaka yote, siku ya kwanza aliyoitwa kwenye damu akaenda kwa sababu ndicho anachokijua. Hakukaa akapiga hesabu za sheria.

Halafu kuna jambo wanaume mtalipita haraka. Dokta Tade. Korede anampenda, wanafanya kazi pamoja, wanaheshimiana, dokta anawaimbia watoto wadogo wodini wasiogope sindano. Ayoola anakuja siku moja tu hospitalini, kwisha habari. Na Korede akimuonya dokta, kwamba jamani huyu mtu si salama, dokta anaona ni wivu tu. Mwanamke mwenye sura ya kawaida akisema ukweli kuhusu mwanamke mzuri, ukweli wake unahesabiwa kijicho. Hiyo ndiyo iliyonitisha mimi, kuliko ndoo, kuliko kisu.


KIJANA WA TANDALE
Sijasoma ila swali moja tu. Hivi wanaume wa Lagos hawaulizani? Wa kwanza kafa, wa pili kafa, wa tatu kapotea, wewe wa nne unapeleka maua?


MPANGAJI WA KIMARA
Kijana, weka picha ya Ayoola hapa tuone wangapi wataanza kwa kusoma historia yake.

Mama Wawili, shikamoo. Umenipiga pazuri na nakubali sehemu ya dokta niliipita. Lakini kwa Korede sirudi nyuma. Angekuwa anabeba tu mzigo aliotwishwa, angekuwa analia. Halii. Anaridhika. Kuna namna anavyoisimulia kazi yake ya kusugua ambayo ina fahari ndani yake. Pale nyumbani Ayoola ndiye anayependwa, kazini manesi wenzake wanamsengenya, dokta hamwoni. Mahali pekee ambapo Korede ni mtu wa lazima ni kwenye bafu lenye damu. Ayoola akiacha kuua, Korede atabaki na nini? Mwandishi hasemi hivyo popote, lakini soma tena namna anavyomkagua mdogo wake kila asubuhi.

Angalia na suala la mitandao. Femi hajulikani alipo, ndugu zake wanamtafuta, watu wanasambaza jina lake. Ayoola anataka kuendelea kurusha picha zake akicheza na kujipamba. Korede anamkalisha chini kumfundisha mpenzi aliyefiwa anakaaje mtandaoni: usiweke hiki, subiri kidogo, andika maneno ya huzuni. Huyo ni meneja jamani. Hata sisi tunawajua watu wa kukupangia status za msibani.


MAMA WAWILI
Marahaba kaka. "Anaridhika" nakupa nusu. Nusu nyingine naishikilia mpaka uwe dada mkubwa.


MKONGWE WA MAGOMENI
Vijana, habari zenu. Mimi sisomi sana vitabu vya siku hizi ila mwanangu alikileta hiki nyumbani na nikakimaliza.

Kwetu sisi tuliokulia kwenye riwaya za Kiswahili, kitabu cha upelelezi lazima kiwe na mpelelezi. Bwana Msa na kiko chake, Najum pembeni anashangaa, ndiye tuliyeanza naye kwenye "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Mohamed Said Abdulla, kilichotoka 1960. Baadaye akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, "Kufa na Kupona" 1974, tulikipasua kurasa kwa kupokezana. Halafu Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Ukifungua unajua shujaa yupo, anakuja. Humu nimesubiri shujaa mpaka kitabu kikaisha. Polisi wanakuja, wanauliza maswali mawili matatu, wanachukua gari la Korede, basi. Nikamuuliza mwanangu, sasa nani anamkamata huyu binti? Akaniambia baba, hiyo si hadithi yake.

Sikuridhika. Lakini nilikaa nacho kichwani zaidi ya wiki, na hilo nalisema kwa haki.


MPANGAJI WA KIMARA
Shikamoo mzee. Umeleta kitu nilichokuwa nakizunguka.

Kwa Musiba na Mtobwa, ubaya ulikuwa na anuani ya nje. Dar ile ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo, kulikuwa na wapigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika wanaishi humu, na maadui wao walikuwa na sababu za kuleta watu wao. Ukimwandika jasusi wa makaburu kalala kwenye hoteli ya mjini, msomaji hakuhitaji kushawishiwa. Willy Gamba akimaliza kazi, mji unasafishika. Adui kaondolewa, sisi tuliobaki ni wazuri.

Braithwaite kaigeuza. Adui anakula meza moja na wewe, ametumia taulo lako, na mama anamsifia. Hakuna wa kumtuma Willy Gamba, kwa sababu anayepaswa kupiga simu polisi ndiye anayefua shuka. Ukimweka mpelelezi mahiri humo, riwaya inakufa. Atamkamata Ayoola sura ya tano na sisi tutapumua. Mwandishi hataki tupumue.

Ila nikubaliane na mzee, polisi wa kitabu hiki wamelegezwa mno. Mtu amepotea, mpenzi wa mwisho kuonekana naye anajulikana, gari linachukuliwa na linarudi. Lagos si kijiji. Nadhani mwandishi alitaka tucheke rushwa na uzembe, na kuna sehemu ya trafiki barabarani inayochekesha kweli, lakini mara nyingine uzembe wa polisi ni ngazi tu ya mwandishi kuvukia shimo.


MPIMA DAMU
Nipite kidogo kwa upande wa kazi. Hiyo jiki inayosifiwa. Wanaochunguza eneo la tukio hutumia luminoli, ni kemikali inayong'aa rangi ya bluu gizani ikigusa damu, hata iliyofutwa. Sasa jiki nayo huifanya ing'ae. Kwa hiyo bafu lililomwagiwa jiki linaweza kuwaka lote, na hapo mpimaji hawezi kukuambia damu ilikuwa wapi kwa luminoli peke yake. Lakini mpelelezi mzuri anajiuliza swali jingine: mwanaume anayeishi peke yake, bafu lake limeng'arishwa hivi na nani, na kwa nini wiki hii? Usafi uliozidi nao ni ushahidi. Mwandishi angelitumia hilo, Korede angepata presha ya kweli.


FUNDI SAA
Mpima Damu umemaliza. Na mimi bado nasubiri jibu kuhusu baba. Hamuoni kwamba sura za baba zimewekwa ili tumsamehe Ayoola? Baba mkatili, anapiga, mfanyabiashara mkubwa, anataka kumtoa binti yake mdogo kwa chifu ili mambo yake yanyooke. Kila muuaji siku hizi lazima awe na utoto mbaya. Tumechoka.


MAMA WAWILI
Fundi, umezisoma hizo sura au umezipitia? Haombi msamaha mtu pale. Wote wawili walilelewa na baba yuleyule, kwenye nyumba ileile, fimbo ileile. Mmoja akatoka na kisu, mwingine akatoka na ndoo. Mwandishi anasema hapa ndipo walipotoka, hesabu ya hukumu piga mwenyewe. Ile sehemu ya chifu anakuja sebuleni kumwangalia binti ambaye bado ni mtoto wa shule, na watu wazima wamekaa wanaongea kama wanauziana kiwanja, mimi nilifunga kitabu nikaenda kupika kwanza.

Na hizo sura hazikuwekwa pamoja. Zinakuja kidogo kidogo, katikati ya mambo ya hospitali. Unamchukia Ayoola, unapewa kipande cha baba. Unamuonea huruma, anaua mwingine.


MPANGAJI WA KIMARA
Hapo dada umesema kwa niaba yangu. Nitaongeza moja tu. Tunayapata yote kwa mdomo wa Korede. Ayoola hajawahi kupewa sura hata moja aseme mwenyewe. Kila tunachokijua kuhusu wale wanaume watatu, tumeambiwa na mtu ambaye hakuwepo wakati wanakufa na mwenye sababu zake za kumpenda na kumchukia mdogo wake. Inawezekana kabisa Femi alimnyanyulia mkono. Inawezekana hakunyanyua hata sauti. Korede anamkumbuka kwa mashairi yake aliyokuwa anayaweka mtandaoni, anayasoma usiku, na kadiri anavyoyasoma ndivyo anavyozidi kutomwamini mdogo wake. Mtu anapendana na maiti aliyoitupa yeye mwenyewe. Niambieni ni riwaya gani ya mpelelezi mlevi imewapa hicho.

Na kuna Muhtar. Huyu ni mgonjwa amelala kitandani, hana fahamu. Korede akibanwa moyo anakwenda kukaa kando yake anamweleza kila kitu, majina, kisu, daraja, kwa sababu maiti hai haimsaliti mtu. Anayejua riwaya anajua hicho ni kiberiti kimewekwa karibu na petroli. Siendelei.


KIJANA WA TANDALE
Ameamka?


MPANGAJI WA KIMARA
Kijana, soma kitabu.


MSOMA BURE
Wakuu kinapatikana wapi? Na kimewahi kushinda kitu au ni sifa zenu tu?


MPANGAJI WA KIMARA
Kilichukua tuzo ya Los Angeles Times upande wa riwaya za mafumbo na taharuki, 2019 kikaingia orodha ndefu ya tuzo ya Booker na orodha fupi ya tuzo ya Women's Prize. Kitabu cha kwanza cha mwandishi kufika huko ni habari. Anza kuulizia duka la vitabu la TPH pale Samora, ukikosa pita kwa wale wanaopanga vitabu vya mitumba chini mjini, ila jiandae kupewa kitabu cha uhasibu ukiuliza riwaya. Kiingereza chake ni chepesi, Kiyoruba kimechomekwa hapa na pale na hakikukwamishi.

Msitegemee kila ukurasa uwe na damu. Katikati kuna umbea mwingi wa manesi, mapokezi kunagombaniwa nani kaacha kiti, na sehemu hizo zinavuta. Dokta Tade naye kwa maoni yangu ni mwepesi mno, sura nzuri na sauti nzuri, ndani hamna mtu. Mama Wawili atasema ndivyo ilivyokusudiwa.


MAMA WAWILI
Ndivyo ilivyokusudiwa.


MKONGWE WA MAGOMENI
Sasa swali la mzee wenu. Kwa nini hatuna ya kwetu ya namna hii? Waandishi wa kuandika wapo, humu humu mnaweka visa sehemu ya kwanza mpaka ya hamsini.


MPANGAJI WA KIMARA
Mzee, mimi naona mwandishi wa hapa akijaribu atamleta mpelelezi. Hatujiamini bila yeye. Tunaogopa msomaji atauliza kama ulivyomuuliza mwanao, nani anakamata?

Lakini kuna mlango ambao hata Braithwaite kauacha wazi. Nyumbani kwa kina Korede kuna binti wa kazi. Hatajwi jina kitabu kizima, ni binti wa kazi tu, anapita na trei, anafungua mlango, anakuja kusema kuna mgeni. Huyo ndiye anayefua nguo za Ayoola. Huyo ndiye anayejua jiki inaisha haraka. Sasa mlete Dar, mtoe Singida au Iringa, umri wake 17, mshahara unatumwa kwa mama kijijini, kila siku anaona kitu na hana wa kumwambia. Hana sababu ya kumlinda Ayoola, hana sababu ya kumlinda Korede. Akisema anafukuzwa, asiposema analala chumba cha jirani na kisu. Hadithi isimuliwe na huyo.


MAMA WAWILI
Haya, kaka. Naomba asiwe mjinga anayetolewa kijijini kuja kushangaa lifti. Mabinti wa kazi wanajua mambo ya nyumba kuliko wenye nyumba. Wangu alijua nina mimba kabla mume wangu hajajua.


FUNDI SAA
Na maiti itupwe wapi, maana Kigamboni kuna tozo?


MPIMA DAMU
Fundi, huyo binti ndiye atakayetumwa dukani kununua jiki. Mangi ataanza kuuliza, "mbona siku hizi mnaosha sana?" Upelelezi wenu umeanzia hapo, wala hamuhitaji Willy Gamba.